Vidonge vya Mtakatifu Yohane

Nyinyi vijana mnaosimama nyuma ya kaunta za dawa siku hizi mna makoti meupe, mna vyeti ukutani, na wengine mna hata friji. Mimi nilikuwa na mkasi, magazeti ya zamani na kopo la gundi ya unga wa muhogo. Kwa vitu hivyo vitatu niliuza dawa miaka kumi na mmoja, Mbinga mjini na huko chini ziwani, na kwa vitu hivyo hivyo nusura nimuue mwalimu wa shule ya msingi. Nawaandikia habari hiyo kwa sababu kosa lenyewe bado linafanyika, na si na wajinga tu.

Watu hucheka nikisema nimestaafu. "Umestaafu na meno yote mdomoni?" Yamepungua mawili, na umri wangu ni miaka arobaini na saba. Tangu niache dawa nimeuza mitumba Songea, nimefanya ukuli kwenye meli ya ziwani, nimepika chai kwenye kambi ya watengeneza barabara. Sikai mahali, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nikiona mtu anakata karatasi kwa mkasi, mkono wangu hutaka kumsaidia.

Bosi wangu alikuwa Mzee Shabani, ambaye babu zake walitoka Kilwa wakafuata biashara mpaka milimani. Alikuwa na duka la dawa baridi karibu na stendi ya mabasi. Dawa baridi ni zile tulizoruhusiwa kuuza bila cheti cha daktari: za kichwa, za tumbo, za mafua, za minyoo. Nilimwendea nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne. Akakigeuza huku na huku, akaniuliza kama najua kusoma mwandiko wa madaktari. Nikasema najua. Akanipa kikaratasi. Nikakodoa macho, nikabahatisha. Akasema, "Umekosa, lakini umekosa bila kutetemeka. Njoo Jumatatu."

Zilikuwa enzi za soko huria. Waliotutangulia walituhadithia rafu zenye mche mmoja wa sabuni na picha ya rais. Sisi tulikuta malori yanashusha kila kitu: vidonge vya kuongeza damu, vya kupunguza unene, vya kuongeza unene, mafuta ya samaki katika kapsuli, vitamini za herufi zote. Mzee Shabani alivipenda hivyo kuliko dawa. Dawa, alisema, mtu akipona haji tena. Mteja wa vitamini huja kila mwisho wa mwezi, na wakati wa pesa za kahawa huja kila wiki.

Aliyenifunza kazi hasa si Mzee Shabani. Ni Sista Ansgara, muuguzi mkuu wa zahanati moja ya misheni nje kidogo ya mji. Alikuja dukani mara ya kwanza kununua plasta, akanikuta nakata pakiti ya vidonge. Wateja wetu walinunua viwili, vitatu, kwa hiyo nilikata kuanzia upande ulioandikwa jina na tarehe ya kuisha, kwa sababu upande huo ulikuwa mgumu na ulinisumbua.

"Hiki kilichobaki kinaitwaje?" akaniuliza.

"Ni cha kichwa, Sista."

"Nimekuuliza jina."

Nikaangalia. Hakukuwa na jina. Nilikuwa nimeshaliuza, limefungwa kwenye gazeti, liko njiani kwenda kijijini Kitura. Sista akachukua mkasi mkononi mwangu, akageuza pakiti. "Anza mwisho usio na maandishi. Jina liwe la mwisho kutoka dukani. Na kila anayeondoka bila jina, mwandikie kwa mkono." Toka siku hiyo nilikata hivyo, na wewe unayesoma, kama unakata, kata hivyo.

Kila baada ya wiki mbili nilishuka ziwani na sanduku la mbao juu ya lori. Ukitoka Mbinga umevaa sweta, ukifika Mbamba Bay unatafuta pa kulitupa. Niliweka meza yangu siku za gulio, kati ya wauza usipa, dagaa wa ziwani, na wauza muhogo mkavu. Huko nilijifunza kwamba watu hununua dawa kwa rangi. Mama mmoja alinirudishia kapsuli akisema hizi si zenyewe, zenyewe zilikuwa nyekundu na nyeusi.

"Ni dawa ile ile, mama, imebadilika kiwanda."

"Basi kaniletee ya kiwanda kilichoniponya."

Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki. Yule mama alikuwa anaangalia anachomeza. Mimi muuzaji nilikuwa siangalii.

Makopo ya vidonge vya Mtakatifu Yohane yaliletwa na mfanyabiashara aliyetoka Dar es Salaam na begi la magurudumu. Yalikuwa makopo meupe, makubwa, yenye picha ya ua la njano. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mfanyabiashara alitueleza kwamba ni mmea wa Ulaya unaoitwa kwa jina la Yohane Mbatizaji kwa sababu huchanua wakati wa sikukuu yake, mwezi wa sita. Huko kwao watu wanautumia kwa huzuni na kukosa usingizi. Si dawa, akasisitiza, ni kirutubisho. Hakina madhara, ni majani tu.

Mzee Shabani alilipenda jina. Aliujua mji wake. Milima yote ile imejaa Wakatoliki, kila kanisa dogo la kigango lina mtakatifu somo wake, na mwezi wa sita kahawa inaanza kuchumwa.

"Lakini mzee, wewe Mwislamu unauza watakatifu?" nikamtania.

"Huyo kwetu ni Nabii Yahya. Hakuna ugomvi. Andika karatasi."

Nikaandika kwa kalamu nene: DAWA YA MT. YOHANE, HUTULIZA MOYO, HULETA USINGIZI. Nikapaka gundi yangu ya muhogo, nikabandika kwenye kila kopo, upande wa nyuma uliokuwa na maandishi madogo madogo, ili ua libaki linaonekana mbele. Makopo manane. Nilijisifu kwa jinsi yalivyonyooka.

Tuliuza vidonge kwa kuhesabu, tukavifunga kwenye karatasi. Watu waliviheshimu kuliko dawa ya hospitali. Katekista mmoja aliniuliza kama vimebarikiwa. Nikamjibu sijaona padri dukani, lakini havina ubaya. Bibi mmoja alivipeleka mwenyewe kanisani vikanyunyiziwe maji ya baraka, akarudi kununua vingine. Walipouliza vinamezwaje, mimi, ambaye sikuwa nimesoma kopo, niliwapa kipimo nilichokitunga hapo hapo kaunta: vitatu kwa siku, siku tisa, kama novena, ile sala ya siku tisa. Walipenda. Kipimo kinachofanana na sala mtu hakisahau.

Mwalimu Osmunda alikuja siku kama ya tatu au ya nne. Alifundisha darasa la saba huko Kitura. Mwaka uliotangulia alizaa mtoto akamzika baada ya wiki mbili, na baada ya hapo alikaa miezi kadhaa haongei wala hali. Kila mtu alijua hayo. Walichojua wachache ni kwamba mumewe alimpeleka hospitali kubwa mbali, akapewa kapsuli za ugonjwa wa mawazo, ambao sasa mnauita sonona, na kwamba kapsuli hizo ndizo zilizomrudisha darasani. Mimi sikuwa miongoni mwa wachache hao.

"Nasikia mna dawa ya Mtakatifu Yohane," alisema. Nyuma yake walisimama watu wanne.

"Ipo, Mwalimu. Unasumbuliwa na nini?"

Akageuka akawaangalia wale wanne. "Uchovu tu. Usingizi ni mwepesi."

"Unatumia dawa nyingine?"

Naam, nilimuuliza. Sista alikuwa amenifundisha kuuliza. Lakini niliuliza kwa sauti ile ile ya kuuliza "unataka mfuko?", mkono wangu tayari ndani ya kopo, na watu wanne wakisikiliza.

"Hapana," akasema.

Nikamhesabia ishirini na saba. Nikamwambia siku tisa.

Baada ya wiki moja hivi, mumewe, Baba Deo, aliingia dukani asubuhi. Ilikuwa ile baridi ya Juni inayofanya watu wazungumze na moshi mdomoni. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia huku anaangalia rafu.

"Niuzie kitu cha kumlaza mtu. Kikali."

"Nani, baba?"

"Mwalimu. Ile hali imerudi." Akashusha sauti. "Safari hii si kunyamaza. Anatetemeka. Chaki inavunjika mkononi. Miguu haitulii, tumbo linaendesha, jasho linamtoka asubuhi hii unayoiona, na moyo unampiga mpaka unauona kwenye nguo. Mwalimu Mkuu amesema aandikiwe barua ya kusimamishwa, darasa la saba haliwezi kungoja. Na wajomba zake wameamua. Kuna mtaalamu ziwani, anawatuliza wagonjwa wa hivyo."

Nilimjua mganga huyo. Nilikuwa nimeweka meza yangu karibu na kwake siku za gulio. Aliwatuliza kwa mnyororo.

"Lori linatupitia saa nane," Baba Deo akasema. "Bila kitu cha kumlaza hatafika."

Hapo ndipo nilipouliza swali langu kama mtu. "Anameza nini, Baba Deo? Kila kitu."

"Kapsuli zake za hospitali. Hajaacha hata siku moja, miezi minane. Ndizo zilizomtoa kaburini. Sasa naona zimeshindwa." Akafikiri. "Na vile vya Mtakatifu ulivyompa wewe. Lakini hivyo si dawa."

Nilichukua kopo. Nikalowesha kitambaa, nikaanza kubandua karatasi yangu. Gundi ya muhogo ikikauka ni kama saruji, ikabidi nikwangue kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na mistari minne ya Kiingereza kwa herufi za mchwa. Nikatoa kamusi niliyosomea shule. Mistari ile ilisema usitumie pamoja na dawa za sonona bila ushauri wa daktari. Ilikuwa imeandikwa pale siku zote. Niliifunika mimi, kwa mkono wangu, kwenye makopo manane.

Mzee Shabani alisimama nyuma yangu akasoma kamusi juu ya bega langu.

"Wakijua ni duka letu, watalivunja," akasema.

"Lori ni saa nane, mzee."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Chukua baiskeli yangu. Chukua na hilo kopo. Ondoka kabla sijapata akili nyingine."

Nilimwambia Baba Deo asimpe Mwalimu kitu chochote, wala changu wala cha hospitali, mpaka nifike. Sikumwambia kwa nini. Niliogopa. Nikapanda baiskeli kwenda zahanati.

Sista Ansgara alisoma kopo bila kamusi. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza maswali mawili tu, kapsuli ni zipi na vidonge vyangu vingapi kwa siku, kisha akamwita dereva wa gari la misheni.

Nyumbani kwa Mwalimu tulikuta wajomba wawili wameketi uani, mzigo umeshafungwa, na miguuni pao kamba ya mwenye lori ya kumfungia Mwalimu. Mwalimu alikuwa ndani, kwenye kiti, amejifunga khanga mbili na bado anatetemeka, kidevu kinagonga. Sista alimshika mkono, akahesabu mapigo, akagonga goti lake kwa upande wa kiganja. Mguu uliruka kana kwamba umeshtuliwa.

"Huyu haendi ziwani. Anakwenda hospitali, sasa hivi," Sista akasema.

Mjomba mkubwa akasimama mlangoni. "Sista, tunakuheshimu. Hospitali tumeshakwenda. Dawa zao ndizo hizo, na hali ndiyo hiyo."

Sista akaniangalia. Nikaelewa kwamba zamu ni yangu.

"Shikamooni," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshawaamkia. "Si dawa ya hospitali. Ni mimi. Nilimuuzia vidonge visivyopatana nayo. Onyo lilikuwa kwenye kopo, nikabandika karatasi juu yake."

"Vidonge gani?"

"Vya Mtakatifu Yohane."

Mjomba mdogo akacheka kwa hasira. "Kwa hiyo mtakatifu ndiye aliyemroga?"

"Mtakatifu hayumo ndani ya kopo, baba," Sista akasema. "Ndani ya kopo mna majani. Kapsuli ya hospitali inamwongezea kitu kichwani, kidogo kidogo, kwa kipimo. Majani haya yanaongeza kitu hicho hicho. Wapishi wawili wanatia chumvi kwenye chungu kimoja bila kuambiana. Mchuzi haujaharibika kwa uchawi."

"Na huyu mpishi wa pili tumfanye nini?" mjomba mkubwa akauliza, akinitazama.

"Mtamfanya baadaye. Sasa abebe mzigo."

Nikabeba. Tulipokuwa tunampandisha Mwalimu kwenye gari, alinishika mkono wa shati. Alisema kwa shida, meno yakigongana, "Uliniambia siku tisa. Leo ni ya saba. Nilijua vinanisumbua. Nikafikiri nikiacha nitakuwa nimevunja novena."

Nimefanya kazi nyingi na nimetukanwa kwa lugha nne. Hakuna tusi lililoniingia kama hayo.

Hospitali walisimamisha vyote viwili, wakamwekea maji ya mshipa, wakamtunza. Kutetemeka kulipungua siku ya pili na jasho likakauka. Wajomba walingoja nje kwa zamu, na siku ya tatu wao wenyewe walimrudishia mwenye lori kamba yake. Baada ya majuma kadhaa daktari alimrudisha kwenye kapsuli zake peke yake, na kuhusu hilo naomba mnisikilize vizuri: si mimi wala Sista tulioamua lini aanze tena. Wapo wauzaji ambao siku hizi wakisikia habari kama hii humwambia mgonjwa aache dawa ya hospitali mara moja ili "asafishe damu". Huko ni kumsukuma mtu shimo la pili. Dawa za sonona haziachwi kwa ushauri wa kaunta.

Makopo yote nilibandua karatasi. Mzee Shabani alisema tuyatupe, na tukayatupa. Sitaki mfikiri ua lile lina laana. Sista alinieleza baadaye kwamba wapo watu linawafaa, wasiokuwa na dawa nyingine mwilini. Ila linagombana na dawa nyingi, hata na vidonge vya uzazi wa mpango. Na si lenyewe tu. Zipo dawa za kikohozi mnazouza kila siku ambazo hazitakiwi kukutana na baadhi ya kapsuli hizo. Zile za mafua zinazoleta usingizi, mtu akizijumlisha na vidonge vya sonona vya aina ya zamani, mdomo unakauka, mkojo unakataa, mzee anachanganyikiwa mpaka wanawe wanadhani amezeeka ghafla.

Nilibadilisha namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu wa kwetu "unatumia dawa?", atafikiria sindano na zahanati, atasema hapana, na hatakuwa amedanganya. Uliza: ukiamka unameza nini? Jioni je? Kuna majani unachemsha, unga unatia kwenye uji, kitu umeletewa na ndugu kutoka mjini, kitu umepewa kwenye maombi? Kisha funga mdomo ungoje. La mwisho linalotajwa ndilo lenye maana mara nyingi. Na weka benchi mbali na kaunta, ili anayengoja asisikie. Sisi tuliliweka chini ya kibaraza cha fundi cherehani wa jirani, naye akalalamika wiki nzima, kisha akaanza kuwauzia vifungo wanaongoja.

Mwalimu Osmunda sikumwona mpaka shule zilipofunguliwa. Nilisikia tu kwamba barua ya Mwalimu Mkuu haikuandikwa. Nilijua siku moja atapita mbele ya duka, na nilijua atavuka upande wa pili wa barabara. Ningekuwa yeye ningevuka.

Alikuja Jumamosi, mji umejaa watu wa kahawa. Hakukaa kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja kaunta, na daftari za wanafunzi kwapani.

"Nina mafua na kikohozi," alisema. "Lakini kabla hujashika mkasi nisikilize, na nyinyi mlio kwenye benchi sikilizeni, maana mtaulizana tu nikiondoka. Mimi nina ugonjwa wa mawazo. Nameza kapsuli moja kila asubuhi na ninafundisha darasa la saba. Sasa niambie, dawa gani ya kikohozi inaweza kukaa nayo tumbo moja?"

Fundi cherehani alisimamisha mashine. Nyuma yangu kulikuwa na chupa za aina nne. Nilizigeuza moja moja, nikasoma migongo yake yote, mbele ya watu wote.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

"Nani anajua?"

"Sista."

"Basi nenda kamuulize. Mimi nina daftari arobaini za kusahihisha." Akavuta kiti cha Mzee Shabani akakaa, akatoa kalamu nyekundu.

Mzee Shabani akanisukumia baiskeli bila kuulizwa. Nilifunga chupa nne kwenye kikapu, nikaenda, nikarudi. Sista alikuwa ametoa tatu pembeni akaniachia moja. Niliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka, hata waliokuja kununua wembe. Nikamwandikia Mwalimu jina la dawa kwa mkono, akalisoma, akalipa, akaenda zake na daftari zake.

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja wa Namswea aliyetaka dawa ya mgongo. Nilipokuwa naipapasa rafu, akainama juu ya kaunta mpaka kofia yake ikagusa mkasi.

"Kijana," akasema, "na mimi kuna kitu nameza."